Valvu nne ndani ya mkebe wa babu yako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Lamu tu wazima. Kusi imeshika, bahari imechafuka, na anayevuka kwenda Mokowe hufika na kanzu imerowa mpaka magotini. Simu yako ya juzi niliisikia nusu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, na simu yangu ikazima pale pale ulipokuwa unalalamika. Basi nakuandikia. Mwenyewe wanijua, nikianza habari za valvu salio huisha kabla sijafika kwenye pini.

Umeniuliza kama kubadilisha valvu, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, kwenye ile amplifaya yako ya hedifoni kutabadilisha sauti kweli, au ni maneno ya wauzaji. Ukauliza pia kama katika valvu za babu yako zimo zitakazoingia. Kweli hubadilisha, ila kidogo kuliko unavyoambiwa. Na katika mkebe wa babu yako zimo nne, nimekufungia pamoja na barua hii.

Kuna jambo sijakwambia. Ile wiki uliyoiacha amplifaya hapa baada ya Idi, niliifanyia kazi. Mamako anasema niliifanyia mchezo. Siku ya kwanza niliposikiliza, sikio la kushoto lilikuwa linakwaruza, kama mtu anayetembea juu ya makumbi. Nikasema, hii valvu ya mbele imekwisha. Nikazima, nikangoja ipoe, nikaichomoa, nikatia valvu moja ya babu yako, aina ya ECC82, ya kampuni ya Mullard ya Uingereza, kutoka amplifaya ya harusi iliyokufa zamani. Nikawasha. Kwaruzo hakuna! Sauti safi, pana, imetulia. Nilimwita mamako kutoka jikoni aje asikie. Akavaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akasema, "Vyema," akarudi kwenye mahamri yake. Mimi usiku ule nililala nikiwa na hakika kwamba Waingereza walijua kutengeneza valvu na dunia haijawapata tena.

Asubuhi nikajiuliza swali moja ambalo babu yako angeniuliza mara moja: umeirudisha ile ya kwanza? Nikairudisha. Kwaruzo hakuna vilevile.

Wajua ilikuwa nini? Chumvi. Upepo wa huku unaingia kila mahali, na ile amplifaya ilikaa dirishani siku tatu. Pini za valvu na soketi yake zilikuwa zimeshika ukungu mwembamba, na pale nilipochomoa na kuchomeka, chuma kilikwangua chuma, umeme ukapita. Sifa zote nilizompa Mullard zilikuwa za kukwangua. Kwa hiyo wewe, kabla hujainunua wala kuisifu valvu yoyote mpya, zima, chomoa hiyo hiyo uliyo nayo, futa pini zake kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ichomeke na kuichomoa mara tatu, kisha usikilize tena. Huenda ukamaliza hapo hapo bila kutoa senti.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa adabu. Nilingoja usiku baada ya isha, punda wametulia. Nyumba hii, kama unavyoikumbuka, kuta zake za mawe ni nene na hazipitishi zogo la nje. Nikatia udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa, kwa sababu ule mkono naujua; nimeusikia tangu sijaota ndevu. Nilisikiliza mahali pamoja tu, pale kipigio kinapougusa uzi kabla noti yenyewe haijatoka. Ile valvu mpya iliyokuja na amplifaya, iliyotengenezwa Slovakia, ule mguso niliusikia mkavu na karibu. Ya Mullard, mguso ulikuwa umelainika kidogo, na nyuzi nene za chini zilibaki hewani kitambo zaidi. Ni kama mtu kuhama kutoka kiti cha dirishani hadi kiti cha mlangoni katika chumba kile kile. Mpigaji ni yule, nyimbo ni zile. Anayekwambia amepata amplifaya mpya kabisa kwa kubadilisha valvu moja, mwache na furaha yake.

Sababu si uchawi. Ndani ya kile kioo kuna utambi unaotiwa joto, nao unaipasha moto kathodi, kile kibomba cha chuma kinachouzunguka, kathodi inamwaga elektroni, yaani chembe za umeme, na elektroni zinakimbilia sahani ya chuma iliyowekewa volti nyingi. Katikati pana gridi, waya mwembamba uliozungushwa kama wando wa kuvulia samaki, na muziki wako unaingia hapo. Gridi ikitikiswa kidogo, mkondo mkubwa unatikisika nayo. Fleming aliitengeneza ile ya kwanza kabisa Uingereza mwaka 1904, haikuwa na gridi. Gridi aliitia de Forest, Mmarekani, mwaka 1906. Sasa, umbali kati ya gridi na kathodi ni mdogo kuliko unavyodhani, na mikono ya viwanda haifanani. Valvu mbili zenye jina moja hazikuzi sauti sawasawa, na kila moja inaupinda muziki kwa namna yake. Inapoupinda, inauongezea zaidi kivuli chake cha oktavu moja juu, yaani noti ile ile kwa sauti nyembamba zaidi, na sikio la binadamu haliudhiki na oktavu. Hilo ndilo watu huliita utamu wa valvu. Ni kasoro, lakini kasoro inayopendeza, kama mwanya.

Na hapo pana mtego. Valvu inayokuza zaidi hata kwa desibeli moja, kipimo kidogo tu cha ukubwa wa sauti, sikio halisemi "imepanda," linasema "ni nzuri zaidi." Mimi mwenyewe nimo kwenye biashara hii miaka arobaini na bado hunipata. Kwa hiyo chukua ile mita niliyokununulia, cheza mlio mmoja usiobadilika wa hezi 100, pima volti kwenye waya wa hedifoni, kisha kila ukibadilisha valvu rudisha volti ziwe zile zile ndipo usikilize. Bora zaidi umwombe mwenzako unayekaa naye akubadilishie bila kukwambia ametia ipi. Utashangaa jinsi valvu ya bei kubwa inavyokuwa mnyonge usipoiona.

Sasa zipi zinaingia. Hapa usikilize vizuri, maana pana hasara. Yako inataka ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7. Ni kitu kimoja. Ndani yake zimo valvu mbili katika kioo kimoja, moja kwa kila sikio, ndiyo maana mwimbaji akihamia upande mmoja ujue nusu moja imechoka. Kuna jamaa zake, ECC81 na ECC83, pini ni zile zile tisa, zitaingia na zitawaka. Lakini ECC82 hukuza mara 17 hadi 20 hivi, ECC81 mara 60, ECC83 mara 100. Amplifaya iliyopangiwa ya kwanza ukiitia ya tatu utapata kelele na sauti iliyokabwa, kisha useme valvu mbaya. Nayo ECC88 usiitie kabisa. Ina pini tisa pia, inaingia kama nyumbani kwao, ila utambi wake umeunganishwa kwingine: ule wa ECC82 una njia ya katikati kwenye pini ya 9, wa ECC88 hauna. Kutegemea soketi ilivyofungwa waya, ama haitawaka, ama itapata volti 12.6 badala ya 6.3 na itaungua mbele ya macho yako.

Babu yako alinifundisha kusoma herufi za valvu kabla sijajua kusoma gazeti. Alikuwa ananiita, "Ndoo uone," ananipa valvu moja na kunitaka niseme. Herufi ya kwanza ndiyo utambi. E ni volti 6.3. D ni volti 1.4, hizo ndizo za redio za betri, zile zilizokuwa zikitumia betri kavu ya volti 90 iliyo kubwa kama tofali. P ni za mkondo wa miliampea 300, za televisheni. Nusu ya mkebe wake ni D tupu, DK96 na DAF96 na DL96, kwa sababu huku mafundi wa wakati ule walikuwa wanatengeneza redio za watu wasio na umeme. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza 1957, alikuwa akisimulia, barazani kwake kulikuwa hakuna pa kuweka viatu jioni. Hizo D hazikufai wewe, nimeziacha. Sizitupi.

Katika zile nne, mbili ni za Mullard. Maandishi ya nje yamefutika, usijali, ile rangi hutoka kwa kidole. Tazama chini pembeni ya kioo, kuna herufi ndogo zilizochorwa, inayoanza na B ni ya kiwanda cha Blackburn. Moja ni ya Tungsram, ya Hungaria. Ya nne ndiyo iliyonipa aibu. Niliinunua kwa mtu mmoja kwa bei ya mbuzi akiniambia ni Telefunken, ya Wajerumani. Zilizotoka kiwanda cha Telefunken chenyewe zina alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chini, katikati ya pini. Hii ilikuwa na jina zuri jipya ubavuni, na chini laini kama kipara. Inafanya kazi, tena vizuri, nami sijui ni mtoto wa nani. Nimekuwekea kwa makusudi. Ukisikilizishwa bila kuona, niambie uliipa nafasi ya ngapi.

Mkononi pia kuna adabu yake. Zima, chomoa kabisa ukutani, ngoja dakika 20. Usiitie bisibisi wala kidole ndani ya lile sanduku, maana kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, hushika umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na volti za mle si za kuchezea. Shika kioo, usivute kwa pupa. Itikise kidogo kidogo huku na huku mpaka itoke yenyewe. Unapoingiza, tafuta lile pengo kati ya pini ya 1 na ya 9, lilinganishe na soketi ndipo usukume. Mimi nikiwa na umri wa miaka kumi na moja nilisukuma kabla sijalinganisha, pini ikapinda, kioo kikapasuka uzi mwembamba usioonekana. Kesho yake ile sehemu ya juu inayong'aa kama fedha ilikuwa nyeupe kama unga. Ile fedha ni bariamu, kazi yake kula hewa iliyosalia ndani. Ikigeuka nyeupe hewa imeingia na valvu imekufa. Babu yako hakunipiga. Aliiweka rafuni juu ya meza yangu ikakaa miaka.

Ile valvu nene ya nyuma, 6080, iache. Utambi wake peke yake unakula wati 15 na ushei, ukiigusa ikiwa moto utaacha ngozi. Nilijaribu nyingine mbili za aina yake na sikusikia la maana. Kisha usichomeke hedifoni mpaka amplifaya iwe imeshapata moto, kama dakika moja au mbili, kwani inapoamka husukuma umeme usio wa muziki. Tena amplifaya hiyo imetengenezewa hedifoni za omu 300 kama zako; omu ni kipimo cha jinsi zinavyouzuia umeme. Mwenzako akichomeka zile za simu za omu 32, besi italegea kama tanga lisilo na upepo, na kosa halitakuwa la valvu.

Ukishazipata zote nne, zigonge moja moja kwa kifutio cha penseli amplifaya ikiwa imewaka na hedifoni masikioni, sauti ukiiweka chini. Ikikujibu "ngiii" ndefu, hiyo inasikia kila mtikisiko wa meza. Iweke kando. Nadhani ni ile ya Tungsram, lakini nimeijaribu juu ya meza yenye mguu mmoja mbovu, huenda ni meza.

Mzigo utaondoka na basi la asubuhi kutoka Mokowe kesho kutwa, inshallah. Valvu nimezifunga kwenye pamba ndani ya kofia yangu ya zamani, na kofia ndani ya mkebe. Mamako amelazimisha chupa ya achari ya maembe iingie kwenye boksi lile lile. Nimeizungushia nailoni tatu, hata hivyo ukipokea funua achari kwanza, na kama imevuja nipigie kabla hujachomeka chochote. Mkebe urudishe ukija. Kofia kaa nayo.

Wasalaam,
Babako