KUH: Mti wa Ukoo Mliotupa Si wa Babu Yetu

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Utafiti wa Nasaba

Bwana/Bibi,

Nalalamikia ripoti ya nasaba ya babu yetu mzaa mama, mliyotukabidhi baada ya miezi saba na malipo ya dola 1,400. Watu mliotuandikia humo si jamaa zetu.

Babu alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Breslau, wakati huo mji wa Ujerumani, 1906. Aliikimbia Ujerumani mapema mwaka 1939, akashukia Mombasa, na alizikwa Nairobi mwaka 1971. Haya niliwaeleza tangu barua ya kwanza, nikaambatisha picha ya pasipoti yake: herufi J nyekundu, ya neno Jude, yaani Myahudi, imegongwa muhuri, na baada ya jina lake limeandikwa Israel.

Hilo Israel ndilo lililowapoteza. Mmelichukulia kuwa jina alilopewa na wazazi wake, mkatafuta mtu wa Breslau mwenye jina kama la babu na Israel katikati, mkasema ndiye. Serikali ya Hitler ilitoa amri Agosti 1938 kwamba kuanzia Januari 1, 1939, Wayahudi ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha yake ya majina ya Kiyahudi waongezewe jina: wanaume Israel, wanawake Sara. Maelfu walibandikwa jina hilo. Kumtambua mtu kwalo ni kama kumtafuta mfungwa kwa rangi ya sare yake. Anayeuza utafiti wa nasaba za Wayahudi hana udhuru wa kutolijua hili.

Tena karatasi zenu zenyewe zinawakana. Ukurasa wa 23 ni orodha ya waliosafirishwa kutoka Breslau kwenda Kaunas, Lithuania, Novemba 1941, na mtu wenu yumo pamoja na wazazi wake. Watu wa msafara ule walipigwa risasi kwenye Ngome ya Tisa tarehe 29 mwezi huohuo. Aliyeuawa Kaunas mwaka 1941 atazikwaje Nairobi miaka 30 baadaye? Nani aliipitia ripoti hii kabla haijatufikia?

Tuliwatumia pia picha ya kaburi. Kwenye mawe ya Kiyahudi huandikwa jina la marehemu, kisha "ben", yaani mwana wa, kisha jina la baba yake. Mimi sisomi Kiebrania. Mzee mmoja wa sinagogi la Nairobi alinisomea, akizifuata herufi kwa kidole kwa kuwa kuvu imezila nusu. Jina la baba lina herufi nne. Ninyi mmempa baba mwenye jina jingine kabisa, na jiwe hamkulitaja popote.

Mama ana miaka 81. Novemba iliyopita, tarehe 29, aliwasha mshumaa mezani akasoma majina ya wale wazazi wawili wa ripoti yenu kwa sauti, polepole, maana matamshi ya Kijerumani yanamtatiza. Marehemu wale wanastahili kukumbukwa, na mama haijutii dua yake. Lakini ilibidi nimwambie kwamba si babu na nyanya yake, na tangu siku hiyo hataki kusikia jina lolote jipya.

Nataka mturudishie dola 700 za awamu ya pili. Mti ule mliouweka mtandaoni bila idhini yetu uondolewe kabla wengine hawajaunakili. Na kazi irudiwe na mtafiti anayesoma Kiebrania na mwandiko wa zamani wa Kijerumani, aanzie kaburini. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Tafadhali msimpigie mama simu. Nipigieni mimi.

Wenu,
Mjukuu wake, Nairobi