Orodha ya mishahara iliyoshikilia amani ya Iraki

Mhariri,

Wapo wanaosema Marekani ilikuwa imeshashinda Iraki kufikia 2008, wanasiasa ndio wakaja kuharibu. Hoja hiyo inasahau jinsi utulivu ule ulivyopatikana.

Januari 2007 Rais George W. Bush alitangaza askari wa ziada zaidi ya 20,000, brigedi tano, nyingi zikielekezwa Baghdad. Jenerali David Petraeus, kamanda mpya wa majeshi hayo huko Iraki, akawatoa askari kwenye kambi kubwa na kuwasambaza katika vituo vidogo mitaani. Mitaa kama Adhamiya ikazungushiwa kuta za zege za kimo cha mita 3.6 hivi, ili gari lenye bomu lisipite. Vifo vya askari wa Marekani vikashuka kutoka zaidi ya 900 mwaka 2007 hadi 300 na ushei mwaka uliofuata. Hilo halina ubishi, ingawa mauaji ya kimadhehebu ya 2006 yalikuwa yameshawatenga Wasuni na Washia katika mitaa mingi. Penginepo hakubaki wa kufukuzwa.

Ila zege halikutosha. Kilichogeuza mkoa wa Anbar ni makabila ya Kisuni kuigeuka al-Qaida, nalo jambo hilo lilianza kabla ya brigedi zile kufika. Kutokana nalo likakua kundi la Sahwa, yaani Mwamko: kufikia 2008 watu kama 100,000, wengi wakipokea takriban dola 300 kwa mwezi kulinda vizuizi vya barabarani kwao. Baadhi walikuwa waasi wa juzi tu. Wengine walikuwa wanajeshi waliotupwa mitaani Mei 2003, Paul Bremer, Mmarekani aliyekuwa msimamizi wa Iraki baada ya uvamizi, alipovunja jeshi la nchi hiyo.

Sasa mtazame mlinzi mmoja wa kizuizi. Anayemlipa ni afisa wa Kimarekani mwenye orodha ya majina. Kuanzia Oktoba 2008 orodha ikaanza kukabidhiwa kwa serikali ya Waziri Mkuu Nouri al-Maliki, Mshia, ambayo haikuwahi kumwamini mlinzi huyo. Ahadi ilikuwa asilimia 20 waingizwe jeshini na polisi, waliosalia watafutiwe kazi za kiraia. Mishahara ikachelewa kwa miezi, ajira zikasuasua, makamanda kadhaa wakakamatwa. Orodha ya malipo ikawa pia orodha ya washukiwa.

Juu huko serikalini mambo hayakuwa tofauti. Kura ya maoni ya Kirkuk, eneo lenye mafuta linalogombewa na Wakurdi na Waarabu, ambayo katiba ilitaka ikamilike kabla ya 2007 kwisha, haikufanyika. Sheria ya mafuta ilikwama. Katika uchaguzi wa Machi 2010 muungano wa Ayad Allawi, waziri mkuu wa zamani aliyeungwa mkono na Wasuni wengi, ulipata viti 91, wa Maliki 89. Mahakama ikatafsiri kwamba kambi kubwa zaidi bungeni, yenye haki ya kuunda serikali, inaweza kuundwa hata baada ya kura, na Maliki akabaki madarakani baada ya miezi tisa ya mivutano. Wanaolaumu kuondoka kwa jeshi wakumbuke kwamba wakati huo Marekani ilikuwa bado na askari karibu 50,000 nchini.

Wa mwisho waliondoka tarehe 18 Desemba 2011. Kesho yake ikatolewa hati ya kumkamata Makamu wa Rais Tariq al-Hashimi, Msuni. Juni 2014 mji wa Mosul ukaanguka mikononi mwa kundi la Dola la Kiislamu (IS). Novemba mwaka huo Waziri Mkuu mpya, Haider al-Abadi, akatangaza kwamba wamegundua askari hewa 50,000 katika divisheni nne: majina yanayolipwa bila watu. Wengi wa waliosimama kweli kwenye vizuizi vya Anbar walikuwa hawamo tena katika orodha yoyote.