Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: ondoeni ile hoja, tusikilizwe pamoja

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nimekaa kimya miaka yote hii kwa sababu ulisema mwenyewe hadharani kwamba wenye hatifungani wadogo, yaani sisi watu wa kawaida tulioikopesha serikali, hamtatusahau. Sasa wiki iliyopita wakili wetu katutumia hoja mlizopeleka kwa wasuluhishi, nimezisoma mara mbili, usiku sikulala. Eti kesi yetu ya kudai hela zetu itupwe kwa vile tuko wengi, kila mtu afungue ya kwake.

Hivi Mheshimiwa unajua kesi moja ya hivyo inakula kiasi gani? Wasuluhishi watatu walipwe, kituo cha usuluhishi kilipwe, mawakili, wataalamu wa mahesabu, hela inaisha hata madai yenyewe hayajaguswa. Mi niliweka kwenu kiinua mgongo changu chote. Nikija peke yangu nitatumia mara nyingi zaidi ya ninachodai na nyinyi mnajua hivyo, nadhani ndo maana mmeiandika hiyo hoja.

Na si mpya. Argentina ilipoacha kulipa madeni mwishoni mwa 2001, Waitaliano zaidi ya 180,000 wenye hatifungani zake walikuja kufungua kesi moja ICSID, kile kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kesi inayoitwa Abaclat, baadaye wakabaki kama 60,000. Argentina ikasema hivyohivyo, haijaridhia kushtakiwa na umati. Agosti 2011 wasuluhishi wawili kati ya watatu wakakataa, wakasema mkataba wa ICSID kukaa kimya kuhusu kesi za watu wengi si kukataza, na kuwaambia watu wote hao waje mmoja mmoja ni kuwanyima haki. Wa tatu, Georges Abi-Saab, alipinga vikali, kwake nchi lazima iwe imeridhia kesi za namna hiyo. Simdharau, ila nikimaliza kumsoma swali langu liko palepale, mtu mdogo aende wapi?

Kama wasiwasi ni majina hewa basi tuhakikini! Wale Waitaliano waliwekwa kwenye kanzidata na mtaalamu akapewa kazi ya kuipitia. Inawezekana. Hata kesi ya wenye akiba na hatifungani za benki za Cyprus, karibu watu 1,000, ilikubaliwa 2020.

Argentina ilikuja kukubali kulipa 2016, zaidi ya dola bilioni 1.3, miaka 10 tangu kesi ipelekwe. Kumi, Mheshimiwa. Mume wangu amefariki mwaka juzi, jina lake bado liko kwenye orodha ya wadai, juu ya langu, na kila barua ya wakili inakuja imeandikwa majina yetu wawili.

Siombi mtulipe kesho. Mkishinda kwa haki mmeshinda, nitanyamaza. Naomba hiyo hoja moja tu muiondoe, tusikilizwe pamoja, tafadhali iondoeni kabla jopo halijakaa.

Wako,
Mjane, mmoja wa wadai