Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wanafunzi wa Kifaransa

Ndugu wanachama, wakubwa kwa wadogo, habari za mitihani. Najua wengine bado mna UE (mitihani ya mwisho wa semesta) wiki ijayo kwahiyo yale ya kawaida nayapitia fasta. Mwaka wa kwanza tuliwapokea, filamu tulionyesha 2, fulana zimetoka (zilichelewa ila zimetoka), tarehe 20 Machi tuliadhimisha siku ya Frankofonia (ya wanaozungumza Kifaransa duniani) pale kwenye vimbweta (meza za nje za kujisomea), waliofanya DELF B2, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, ni 5 wamepita 4, hongereni sana. Hayo mnayajua mlikuwepo, au mngetakiwa kuwepo.

Sasa nije kwenye hili la dina maana tangu mwezi wa 3 grupu halijatulia. Ni kweli nilifuta dina ya Frankofonia pamoja na shindano la imla, na hela nikaelekeza kwenye Jumamosi 8 za maongezi na watu wanaoishi na Kifaransa, Wakongo na Warundi wengi wao wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwenzetu mmoja akaandika kwamba amekuja chuo kusoma Kifaransa cha Paris mwenyekiti anamletea Kifaransa cha Kariakoo. Iliniuma, na leo naijibu mbele ya wote.

Wazo nililipata mwenyewe Januari nikiwa na dada tunatafuta vitenge. Mama mmoja wa Kikongo anamtajia mwenzie bei, septante, nonante, yaani 70 na 90, na mimi mwaka wa 3 huu kichwani kwa namba hizo nina soixante-dix na quatre-vingt-dix za Ufaransa tu, mpaka nimeelewa wameshamaliza biashara. Wabelgiji ndo wanahesabu hivyo na wao ndo walitawala Kongo, Rwanda na Burundi, yani majirani zetu hao wa Kifaransa 70 yao ni septante na sisi tunamaliza digrii hatujawahi kuisikia kwa sikio. Sasa mtu wa huko utamkalimania vipi mpakani au mahakamani Arusha? Kinshasa ina watu wengi kuliko Paris, Kongo imeingia Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki 2022, ajira za Kifaransa tunazozililia zipo upande huo, hazipo Champs-Élysées ya Paris.

Na hao wa Paris wenyewe hawaongei kama imla. Darasani tunaandika je ne sais pas (sijui), kijana wa kule anasema chépa, ile ne ya kukanusha kaitupa zamani, nous (sisi) anaweka on. Akademi yao ya lugha ipo tangu 1635, toleo la 9 la kamusi yake lilianza kutoka 1986 limekamilika 2024, hiyo ni karibu miaka 40 na lugha ya mtaani haikusimama kuisubiri. Simaanishi sarufi isisomwe, lekchara atusamehe kama ilisikika hivyo, naisoma na ninaipenda, ila mtihani wa kuongea wa B2 unapewa maandishi mafupi utoe msimamo na uutetee mbele ya mtu anayekubishia, hilo huwezi kulifanyia mazoezi kwenye sahani ya pilau. Kati ya hao 4 waliopita B2, 3 walikuja Jumamosi zote, sisemi ni mimi ila mjue hivyo.

Waliokuja Jumamosi ya 5 wanakumbuka. Alikuja kijana wa Kirundi aliyekulia Brussels akatufundisha verlan, neno unaligeuza silabi, femme (mwanamke) inakuwa meuf, fou (kichaa) inakuwa ouf, hata jina la mwanamuziki Stromae ni maestro imegeuzwa. Hajamaliza kueleza mwenzetu wa Unguja akadakia hiki si kinyume hiki, ule mchezo wetu wa kugeuza maneno, soma unasema maso, kitu unasema tuki! Watu wakaanza kugeuza majina yao ukumbi mzima. Kisha yule Mrundi akaandika ubaoni toubib, daktari kwa Kifaransa cha mtaani, na flouze, hela. Ni tabibu na fulusi zetu zile zile, wao walizipata kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini sisi kwa Waarabu wa Pwani. Mimi kwa miaka 3 sijawahi kuona Kifaransa kikiwa karibu na nyumbani kama siku ile, na ningeambiwa nichague tena ningechagua vile vile.

Kuhusu kwamba niliamua peke yangu, hapana. Niliitisha mkutano Februari, katiba inataka theluthi yaani watu 24, mkaja 14. Nikaitisha tena mkaja 11. Kamati ikakaa ikaamua na minitsi zipo kwa katibu. Mtu ambaye hakuja mikutano yote 2 alafu analalamika saa 6 usiku kwenye grupu kiukweli hanitendei haki. Na hizo Jumamosi zenyewe ya kwanza mlikuja 31, ya tatu 9, ya mvua 6, mama wa watu kafunga duka kaja kukaa na watu 6! Nililazimika kumuomba radhi mimi.

Hela. Wanachama 72, ada elfu 10 kwa mwaka, tulitegemea laki 7 na 20. Waliolipa yote 26, nusu 11, ambao hawajatoa hata shilingi mia ni 35, mkononi ikaingia laki 3 na elfu 15, tunadai laki 4 na elfu 5. Nauli za wageni elfu 120, maji na soda 64, spika 40, fotokopi 38, jumla 262, imebaki elfu 53. Dina ya mwaka juzi peke yake ilikula laki 4 na 80, sasa ningeipika na nini? Bodaboda za kuwafuata wageni mara 3 nimelipa mfukoni kwangu na sijadai. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiingia kila mtu anaonekana kantini, elfu 5 ya semesta inakuwa nzito.

Mwakani tunatamani safari ya Bujumbura Mungu akipenda, na pengine tupate vitabu vya hadithi vya waandishi wa sasa wa Afrika, tunaongea na watu. Dina sijaifuta milele, wakilipa wote itarudi na Jumamosi zitaendelea. Uchaguzi ni baada ya mitihani na katiba inasema asiyelipa hapigi kura, mweka hazina amekaa pale mlangoni na daftari mpaka saa 11.