Tone la hita si ugonjwa, msilizibe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu hita za maji, hizi za kuning'iniza ukutani bafuni. Jambo lenyewe ni tone. Lile tone linalodondoka kwenye valvu ndogo chini ya hita, ambalo wengi tukiliona tunaita fundi aje kuliziba. Mimi nililiziba, na kwa aibu yangu mimi ni mtu wa maboila.

Niliingia karakana ya reli hapa Tabora mwaka 1974, kijana wa miaka 19, reli ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima na mashine za moshi zingali zikipumua. Hazikuwa za makaa kama wajukuu wangu wanavyodhani, zilichoma mafuta mazito meusi yaliyonuka hadi kwenye shuka za kulalia. Kazi yangu ilikuwa boila: kukwangua chokaa, kubadilisha vizibo vya risasi, kukagua sefti valvu, ile inayoachia mvuke presha ikizidi. Kizibo cha risasi, kwa wasiokijua, hukaa juu ya tanuri. Maji yakipungua kinayeyuka, mvuke unafumuka ndani ya moto na kila mtu anajua kuna hatari. Ukikutwa umeifunga sefti valvu kwa waya ili mashine isipoteze mvuke, hiyo ilikuwa kazi huna, na hata ndugu yako asingekutetea.

Nilistaafu mwaka 2015. Wenzangu walijenga fremu za maduka, mimi katika kiinua mgongo nilichomoa kidogo nikanunua hita ya lita 50. Magoti ya mke wangu hayapendi baridi, na anayeijua Tabora anajua asubuhi za Juni na Julai. Wakati huo maji yetu yalishuka kutoka kwenye simtanki lililokaa juu ya mnara wa matofali, kama mita nne hivi. Presha ya kubembeleza tu. Ndani ya boksi la hita kulikuwa na kivalvu cha shaba chenye kimkono chekundu. Fundi wa siku zile alisema hakina kazi. Nikakitupia kwenye droo.

Miaka michache iliyopita maji ya Ziwa Victoria yakatufikia. Sisi tuliozoea maji ya bwawa la Igombe ya kupokezana tulishangaa, maana mtaani kwangu ukifungua bomba la uani ndoo tupu inaruka. Nikaona simtanki la nini? Nikamwita kijana wa jirani aruke tanki na kuunga hita moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Kijana alikuwa na akili, alikikumbuka kile kivalvu, akakitoa kwenye droo na kukifunga. Wiki hiyo hiyo tone likaanza.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penyewe. Maji yakipata moto yanavimba. Ukichukua lita 50 za nyuzi 20 ukazipasha hadi 60, zinaongezeka kama asilimia moja na nusu, yaani karibu robo tatu ya lita. Zamani robo tatu hiyo ilikuwa inarudi kimyakimya kwenye simtanki na hakuna aliyeiona. Ile valvu ya shaba ndani yake ina kizuizi kinachoruhusu maji kuingia kwenye hita na kuyakataza kurudi. Sasa yaende wapi? Presha inapanda mpaka springi inakubali, na tone linatoka. Hita ikizima, tone linakoma. Huko si kuvuja, ni hita inapumua.

Nilikuwa nayajua haya yote. Ningeamshwa usiku wa manane mwaka 1978 ningeyaeleza. Lakini tone lilikuwa linaangukia kigae kimoja cha bafuni, kigae kikaota ukungu wa kijani, na mke wangu akaanza: "Baba watoto, fundi gani wewe wa reli nzima, bomba la nyumbani linakushinda?" Maneno hayo mtu ukiyasikia kila asubuhi kabla ya chai yanafanya kazi. Akaja fundi mwingine, simtaji, akatazama sekunde tano, akafungua valvu, akaweka plagi ya chuma mdomoni ambapo tone hutokea, akazungushia tepu nyeupe. Shilingi 15,000. Akanionyesha pia kidude kwenye thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji; kazi ya kidude hicho ni kukata umeme maji yakizidi moto, yeye akasema kinajizima ovyo. Alikiunga waya moja kwa moja ili kisitusumbue tena. Nilimpa na soda.

Miezi minane tulikaa kwa raha. Umeme tu ndio ulianza kwenda haraka, nikalaumu televisheni ya wajukuu.

Jumapili moja ya Juni mwaka huu, nikiwa sebuleni, nilisikia ngurumo bafuni. Siyo kelele kubwa. Mlio kama wa uji mzito ukitokota kwenye chungu, unanguruma, unanyamaza, unanguruma. Mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa anavua nguo aingie kuoga. Bomba la moto la sinki ya jikoni lilikuwa limefunguliwa kidogo, halitoi maji, linakohoa mvuke mweupe. Mhariri, nywele zilinisimama. Ule mlio niliusikia mara ya mwisho zaidi ya miaka 40 iliyopita. Nilimvuta mtoto kwa mkono akiwa na chupi tu, nikashusha breka kubwa ya nyumba, tukatoka sote tukakaa chini ya mwembe. Sikugusa hita wala bomba lolote. Tulikaa pale mpaka magharibi, majirani wakidhani tumefiwa.

Maana maji yaliyofungiwa hayachemki kwenye nyuzi 100. Yanapanda 110, 120, 130, bado ni maji kwa sababu yamebanwa. Siku chuma kinapoachia, presha inaanguka ghafla na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Dari na ukuta havihesabiki hapo.

Kesho yake nikatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Alikuja binti, labda miaka 28, amesoma VETA, chuo cha ufundi stadi, na begi lililopangwa kama la mkunga. "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, nikampeleka bafuni, nikamweleza historia yangu ya karakana, nadhani nilitaka aniheshimu kidogo. Aliitazama plagi, akanitazama mimi. "Mzee, kwenye maboila yenu mlikuwa mnaziba?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Alipima umeme kwa testa, kisha akapima tena kwa mita, kwa sababu testa, alisema, inaweza kukudanganya siku moja na siku hiyo ikatosha. Akafunga koki, akaunga mpira, akamwaga maji uani. Yalianza meupe kama ya kuoshea mchele, yakaishia kahawia na vipande vya chokaa vinavyosagika vidoleni. Elementi, kile chuma kinachopasha maji, ilipotoka ilikuwa imevaa koti la chokaa nene kama ganda la karanga. Fimbo ya magnesiamu, ambayo huwekwa ndani ili kutu ile hiyo badala ya tangi, ilikuwa imebaki waya mwembamba tu. Ilitakiwa kutazamwa kila baada ya mwaka au miwili, mimi miaka kumi sikujua hata kama ipo. Mwisho aliondoa bati la nje na sponji, akachukua rula ya chuma akailaza kwenye kitako cha tangi, ambacho ni cha chuma kilichonyooka. Rula ilikalia katikati, na kwenye ncha zote mbili mwanga ulipita. Tangi lilikuwa limevimba tumbo.

Nikamwambia abadilishe elementi na thamostati, tuweke valvu mpya, maisha yaendelee. Alikataa. Alisema hatatia mkono wake hapo hata nikimlipa mara mbili. Wapo watakaosema huyo anatafuta biashara. Mimi nimewahi kulikataa boila lililovimba, nikalaumiwa na wakubwa, kwa hiyo nilimwelewa.

Hita mpya ni ya lita 30, tumebaki wawili na wajukuu wa likizo. Kazi yake ilimchukua siku nzima. Waya wa zamani ulikuwa wa milimita 1.5 na umechangia njia na taa. Alivuta wa 2.5 wenye breka yake peke yake, na swichi akaiweka nje ya bafu. Kwenye bomba la kuingilia aliweka kipunguza presha, kwa sababu maji ya sasa si ya simtanki. Ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ilimsumbua kidogo. Ardhi yetu kiangazi ni kavu kama biskuti, fimbo aliyoikuta ilikuwa fupi na haikuwa inashika kitu, akagongelea ndefu zaidi mpaka kipimo chake kikakubali. Akaongeza na kifaa cha kukata umeme ukivuja hata miliampea 30. Kabla ya kuwasha alifungua bomba la moto, likakohoa hewa, akasubiri mpaka maji yakatoka mfululizo bila kukatika, ndipo akaniruhusu nibonyeze swichi. Ukiwasha tangi likiwa tupu, elementi inaungua ndani ya dakika chache na umepoteza fedha.

Na mdomo wa valvu aliuungia kibomba kinachoteremka hadi nje ya ukuta, hakina koki njiani, na ncha yake iko wazi ambapo naiona nikipita. Kila mwezi nanyanyua kimkono chekundu kidogo, maji yanachuruzika, nakiachia. Ufundi wake ulikuwa shilingi 140,000, bila vifaa. Tukubaliane kwamba si fedha kidogo kwa mstaafu.

Ninachoomba kupitia kwako, mhariri, si kikubwa. Wauzaji wa hita, kile kivalvu msikichomoe kwenye boksi mkakiuza peke yake, na mkimkabidhi mteja mwambieni kwa Kiswahili kwamba kitadondosha maji na ndivyo kilivyoumbwa. Maelezo ndani ya boksi langu yalikuwa ya lugha tatu na sikuielewa hata moja. Mafundi wa mtaani, sisemi mnyang'anywe kazi, wengi ninyi ni hodari kuliko vyeti vyenu, ila plagi mdomoni mwa valvu msiweke hata mwenye nyumba akilia. Na wenye gesti, naomba kesho mwingie vyumbani mtazame chini ya hita zenu.

Juzi nilikinga chupa kwenye kile kibomba kuanzia hita ilipowaka hadi ilipozima. Yalipatikana maji pungufu kidogo ya nusu lita, sawasawa na hesabu. Mke wangu alisimama nyuma yangu akaniuliza kama nimeanza kuuza maji. Sasa amepanda mchaichai pale ncha inapodondokea, na umeshika.

Wako,
Mstaafu wa reli,
Cheyo, Tabora