Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: Rejesho lifuate giza, si tarehe

Ndugu Mkurugenzi,

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba. Mama anayeanika dagaa Katonga au Kibirizi hapati kwingine fedha nafuu kama hiyo. Tunaomba jambo moja tu: kalenda ya kuitoa na kuirejesha ifuate Ziwa Tanganyika.

Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufaa gizani. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hukaa ufukweni karibu wiki nzima na mwanikaji hana cha kununua. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, hivyo mbalamwezi hurudi nyuma takriban siku moja kila mwezi wa kalenda. Rejesho la tarehe 28 likishaangukia mbalamwezi, litaendelea kuangukia humo miezi kadhaa mfululizo. Anayekwama hapo si mkaidi, hajauza kitu. Ndipo anapokimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Akichukua shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akamudu riba peke yake kwa miezi minne, ameshatoa 120,000 na bado anadaiwa 100,000 ile ile.

Hesabu yetu ni hii. Mwanakikundi mwenye mkopo wa 1,000,000 asilipe 83,000 na ushei kila mwisho wa mwezi. Alipe kila wiki ya giza: wiki tatu kwa mwezi, miezi tisa, jumla wiki 27. Wiki 26 za kwanza 37,000, ya mwisho 38,000. Kwa mwenye mtaji mdogo kiwango hicho ni kizito, na tunashauri agawiwe misimu miwili, wiki 54, alipe kama 18,500.

Kwa nini miezi tisa? Kwa sababu ya kupumzisha ziwa, yaani kusitisha uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, kama ilivyofanyika mwaka 2024. Hatupingi hatua hiyo hata kidogo, samaki lazima wazaliane. Lakini mkopo unaotolewa Aprili huliwa: fedha inaingia, wiki chache baadaye ziwa linafungwa, mtaji unageuka unga na ada ya shule. Tafadhali utolewe baada ya 15 Agosti, giza linapoanza. Hapo mwanikaji anapata muda wa kujenga chanja kabla ya mvua za Novemba. Chanja ya miti na wavu, iliyoinuliwa hadi kiunoni, hupitisha hewa juu na chini. Dagaa hukauka upesi na hawana mchanga, na mnunuzi huwalipia zaidi. Turubai liwemo kwenye bajeti ya mkopo tangu mwanzo. Mvua moja ya ghafla ikikuta dagaa wabichi chini, mzigo wote huoza na rejesho la wiki hiyo limekwenda nalo.

Maafisa maendeleo ya jamii nao wana kazi kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana akiba Desemba, fedha ikaishia kwenye sikukuu. Wavisaidie kuhamishia mgawo huo mwanzoni mwa Mei. Pia kila mwanachama aweke 2,000 kila siku ya uvuvi: siku 20 kwa mwezi, miezi tisa, ni 360,000. Ukizigawa kwa siku zipatazo 92 za ziwa kufungwa, unapata karibu 3,900 kwa siku. Nyama hainunuliwi hapo, lakini watoto hawalali njaa. Fedha hiyo isichanganywe na hisa, maana hisa hukopeshwa, na ikifika Mei zimo mikononi mwa watu. Iwe na sanduku lake lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti.

Mikataba ya awamu ijayo ya mikopo iandikwe hivyo, na kamati za mikopo za kata zipewe jedwali la giza la mwaka mzima kabla ya kupanga tarehe ya rejesho hata moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wawezeshaji wa vikundi vya waanika dagaa, Kigoma