Barua kwa shangazi: kwa nini sijaomba kuhama darasa la pili

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limepata nafuu. Sisi huku Shinyanga hatujambo.

Ulipokuja kwenye arobaini ya babu uliniuliza, ndugu wote wakisikia, kama nitafundisha darasa la pili mpaka nistaafu au nina mpango wa kujiendeleza. Nilijibu kwa mkato kwamba mpango ninao, kisha nikanyamaza, maana jibu lenyewe lilikuwa refu na pale hapakuwa mahali pake. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu walimu wenzangu wengi wa madarasa ya chini huulizwa swali hilohilo na watu wanaowapenda, nao hushindwa kulijibu kama nilivyoshindwa mimi.

Katika kazi yetu neno kujiendeleza limezoeleka kuwa na maana ya kuondoka. Mwenye cheti cha ualimu cha Daraja la IIIA huenda kuchukua stashahada, mwenye stashahada huenda kuchukua shahada, na mwenye shahada hutazamia uhamisho wa kwenda sekondari au ofisini. Simlaumu anayefuata njia hiyo, kwani mshahara ni mshahara na watoto wanasoma. Hata mimi nakusudia kuomba nafasi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa mwaka 1992 na kimewawezesha watumishi kusoma bila kuacha vituo vyao vya kazi. Hata hivyo, ukiniuliza ni jambo gani nataka niwe nalijua miaka 3 ijayo kuliko ninavyolijua leo, jibu langu linaanzia kwa mtoto mmoja wa kike aliyekaa dawati la tatu kutoka mlangoni.

Mtoto huyo alikuwa akisoma vizuri sana. Alifuatisha maneno kwa kidole, sauti yake ilipanda na kushuka panapostahili, nami nilikuwa nikimpa vyema tangu muhula wa kwanza. Siku moja niliinama kando yake nikafunua ukurasa kabla hajaumaliza aliokuwa akiusoma, na sauti yake ikaendelea vilevile, na maneno ya ukurasa uliopita, huku kidole chake kikitembea juu ya maneno mengine kabisa. Nikachukua chaki nikaandika neno "kuku" peke yake juu ya dawati. Alinitazama, akalitazama lile neno, akainamisha kichwa. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake, na mimi, mwalimu mwenye cheti na uzoefu wa miaka 9, sikuwa nimegundua.

Usiku ule sikupata usingizi, shangazi. Nilijiuliza wangapi kati ya watoto wangu 94 walikuwa kama yeye, na niliona aibu kwamba sikuwa na njia ya kujua. Tangu mwaka 2015, mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulipowekwa katika madarasa mawili ya kwanza, tumekuwa tukielekezwa kufundisha sauti za herufi kabla ya majina yake: mtoto aisikie "mmm", aiunganishe na "a", apate "ma", badala ya kuimba "ba be bi bo bu" kama wimbo. Maelekezo hayo nilikuwa nayo kichwani na hata kwenye andalio la somo niliyaandika, lakini darasani niliendelea kuimba, kwa sababu wimbo unawatuliza watoto 94 na mgeni akipita dirishani anaona kazi inafanyika.

Kwa hiyo lengo langu la kwanza, ambalo ni kubwa kuliko mengine yote, ni kujifunza kumsikiliza mtoto mmoja mmoja anaposoma na kutambua hasa anakwama wapi. Nimejipangia watoto 10 kwa siku, dakika chache kila mmoja, ili katika majuma mawili ya shule niwe nimewapitia wote, na kila ninachokisikia nakiandika kwenye daftari. Daftari hilo limenifundisha mengi kuliko semina yoyote. Limenionyesha kwamba neno "ng'ombe" haliwasumbui hata kidogo, kwa kuwa sauti ile wanayo nyumbani katika Kisukuma na mnyama mwenyewe wanamchunga, ilhali "dhahabu", inayochimbwa hapahapa mkoani kwetu, karibu wote wanaitamka "zahabu" na kuiandika hivyohivyo, kwani lugha ya kwao haina sauti ya "dh". Zamani ningeweka kosa kwa wino mwekundu na kuendelea. Sasa najua kwamba anayeandika "zahabu" ameandika kwa uaminifu kile masikio yake yalichosikia, na kwamba anachohitaji ni kuona ulimi wangu unavyogusa meno, wala si viboko wala kuandika neno hilo mara 20.

Jambo la hesabu linafanana na hilo. Nikisema "ishirini na tano", watoto kadhaa huandika 205. Niliwaona wazembe mpaka nilipotulia nikatafakari maneno yenyewe. Kiswahili kinasema "kumi na moja", na mtoto anaisikia kumi, anaisikia moja. Lakini tukifika ishirini, thelathini na arobaini, tunatumia maneno yaliyotoka katika Kiarabu, ambayo hayamwambii mtoto wa kijijini kwamba ndani yake mna makumi mawili, matatu au manne. Kisukuma kinayataja makumi hayo waziwazi. Siku hizi tunafunga vijiti kumikumi kwa kamba za katani, tunahesabu "makumi mawili na tano", na jina la ishirini tunalileta baadaye, vijiti vikiwa mkononi. Nataka kuyasomea mambo haya kwa kina, yaani jinsi lugha ya nyumbani inavyomsaidia au kumkwaza mtoto katika namba, na nikifika chuo kikuu hilo ndilo nitakaloomba kulifanyia utafiti.

Lengo jingine liliniogopesha zaidi: kukubali kuangaliwa. Chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo sote tunayaita MEWAKA, walimu wa shule tunakutana katika jumuiya ya ujifunzaji, tunachagua tatizo la darasani na kulijadili wenyewe kwa wenyewe. Mwanzoni nilikwenda kwa kuwa ni wajibu. Kisha mwenzangu wa darasa la tatu akaomba kukaa nyuma ya darasa langu kwa kipindi kimoja cha dakika 30, akiwa na karatasi aliyochora madawati yote, na kila nilipomwita mtoto kujibu aliweka nukta. Kipindi kilipokwisha alinipa karatasi ile bila kusema neno. Nilikuwa nimewaita watoto 11, wanane wao wavulana, na nukta zote zilikuwa kwenye safu mbili za mbele. Kwa miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa mwalimu anayeshirikisha darasa zima! Tumekubaliana kuangaliana mara moja kila mwezi, nami nimemwomba msaada huo kabla ya mwalimu mkuu kutukumbusha. Mwenzangu huyo aliniambia jambo ambalo nalishikilia, kwamba kwenye semina za zamani za mjini aliyeitwa alikuwa mmoja, akarudi na begi na posho, na darasa lake likabaki lilivyokuwa.

Kuna pia kishikwambi nilichogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022. Nakitumia kupakua moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania ninapokwenda sokoni penye mtandao, kisha nazisoma nyumbani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umenilazimu kufanya hivyo, na naona ni vyema nijizoeze mapema kuliko kungoja nipelekwe.

Shangazi, wewe unayajua haya. Mwaka 1977, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioitwa UPE, ulipoanza kutekelezwa na walimu hawakutosha, ulikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, ukapewa chaki na darasa la watoto. Ulitusimulia jinsi ulivyofundisha mchana, jioni ukasoma masomo yaliyoletwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redioni, kwa miaka 3, mpaka ukaitwa chuoni kwa majuma machache na kuthibitishwa. Wapo waliowabeza walimu wa UPE, na najua maneno yale yalikuumiza. Lakini baba yangu alijifunza kusoma kwako, na mpaka leo anasema ulikuwa ukipita nyuma yake na kumwekea sikio mdomoni.

Nilikuwa bado mtoto aliponisimulia, nikadhani ni namna yake tu ya kuongea. Sasa naamini kwamba ulikuwa ukifanya kile ninachojaribu kukifanya na daftari langu, na ningependa kujua ulikifanyaje katika darasa lililojaa namna ile, bila vitabu vya kutosha.

Ombi langu ni kwamba, shule zikifunguliwa Julai, uje ukae kwetu juma moja. Mwalimu mkuu ameridhia. Nitakuwekea kiti nyuma ya darasa, karibu na dirisha ili goti lipate jua, nawe utanisaidia kuwasikiliza wale 10 wa kila siku. Yule binti wa dawati la tatu sasa anasoma sentensi fupi kwa kuunganisha sauti, polepole, bila kukariri, ila bado anakwama kwenye "nyw" na "ngw". Nimejaribu njia mbili na zote hazijafaa. Natumaini wewe unayo ya tatu.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao,
mwalimu wa darasa la pili